Mrejesho: vile vitabu vya nyuki nilivyoomba

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza vitabu vya nyuki vya kusoma wote nyumbani: dogo wa miaka 8, mimi na vimizinga vyangu 3, na mzee aliyelina asali ya mizinga ya magome huko Sikonge tangu ujana wake.

Honeybee cha Candace Fleming (2020) ndo kimebamba balaa, picha zimesogezwa karibu mpaka vinyweleo vinaonekana, kinamfuata nyuki mmoja anasafisha sega, analisha watoto, kuruka bado bado tu, dogo kila ukurasa anauliza "baba, leo anaruka?"

Nikamsimulia habari za Karl von Frisch, yule aliyepata Nobel 1973 kwa kusoma ngoma ya nyuki, ule mtikisiko wa kuelekezana chakula kilipo, basi sasa anazunguka sebuleni anatikisa makalio kunielekeza duka la mandazi lilipo 😂

Kitabu changu mimi cha Uingereza sasa, eti fungua mzinga mchana jua likiwaka. Mzee akacheka mpaka machozi, "hao nyuki wa kizungu, wa kwetu ngoja giza liingie na moshi wa kutosha." Nilibisha. Jicho la kushoto halijafunguka vizuri mpaka leo.