Tupeane uzoefu: ulipofikwa na msiba, uliambiwa nini kuhusu Mungu na mabaya ya dunia?

Mama wa Makorora (mleta mada)

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nina jambo nimekaa nalo tangu mwaka juzi na naomba tulizungumze kwa heshima. Mwanangu wa pili alifariki akiwa na miaka tisa. Alikuwa na selimundu, wengi tunaiita siko seli. Aliyeuguza anajua: mtoto analala anacheka, saa nane usiku mifupa inamuuma mpaka anakosa sauti ya kulilia. Miaka tisa tulikuwa watu wa kuongezewa damu, kunywesha maji kila saa, kumvika sweta upepo wa bahari ukigeuka kidogo tu.

Siku za matanga nyumba ilijaa watu. Nilishukuru na bado nashukuru. Lakini kila aliyeingia alikuja na jawabu lake. Mmoja alisema Mungu amempenda kuliko mimi. Mwingine akasema ni mtihani, napimwa imani. Mama mmoja mtu mzima, ninayemheshimu sana, alininong'oneza kwamba huenda angekua angekuwa mtu mwovu, nimeepushwa, kama yule kijana aliyeuawa katika kisa cha Khidhri na Musa ndani ya Kurani. Usiku wa tatu ikaja ya mwisho: mtoto hafi bure, tuangalie nani ana kijicho na nyumba hii.

Daktari alikuwa ameshatueleza zamani. Mimi na baba yake kila mmoja amebeba kinasaba kimoja cha selimundu bila kuugua. Wazazi wakiwa hivyo wote wawili, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya mtoto kurithi viwili na kuugua. Akaongeza neno ambalo hadi leo linaniamsha usiku: kinasaba hiki kimeenea huku kwetu kwa sababu anayerithi kimoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Yaani mimi nilivuka utoto wangu hapa Makorora, Tanga, na mbu hawa mnaowajua, pengine kwa msaada wa kitu kile kile kilichomuua mwanangu.

Nikajiuliza: Anayeweza yote, anayetupenda wote, hakuwa na njia nyingine ya kumkinga mtoto na mbu?

Baadaye nikaona swali hili ni la zamani sana. Linahusishwa na Epikuro, Mgiriki aliyeishi miaka 300 hivi kabla ya Kristo: kama Mungu anataka kuondoa ubaya ila hawezi, ana nguvu gani? Kama anaweza ila hataki, ana wema gani? Kama anataka na anaweza, ubaya umetoka wapi? Mwaka 1710 Mjerumani Leibniz alitoa kitabu kizima cha kujibu, akasema dunia hii ndiyo bora kuliko zote zilizowezekana. Nilipofika hapo nikafunga kitabu. Nilisikia tena sauti za ukumbini kwangu.

Sitaki tubishane kama Mungu yupo. Mimi naswali. Naomba mnieleze: ulipofikwa, uliambiwa neno gani, na lilikufanya nini?

Baharia mstaafu

Pole sana mwanangu.

Mimi nimefanya kazi ya bahari miaka 30 na zaidi, Tanga, Pangani, Unguja, Pemba. Septemba 2011 dada yangu alipanda meli Unguja kwenda Pemba na wajukuu wawili. Mnakumbuka ule usiku meli ilipozama. Hatukupata hata mwili wa kuzika, tukaswali swala ya ghaibu.

Niliambiwa "kazi ya Mungu haina makosa" mpaka nikaacha kupokea simu. Sikupinga kwamba Mungu ndiye mtoaji na mchukuaji, dini yangu ndiyo inanifundisha hivyo. Ila mimi ninajua kupakia chombo. Chombo kina alama ubavuni. Maji yakipita alama hiyo bado uko bandarini, kila mwenye macho ameona. Abiria waliona, wengine wakateremka. Sasa watu wakiniambia ni kudura, nilihisi kama wanamwosha mikono aliyehesabu fedha za tiketi.

Lililonifaa ni mzee mmoja wa Wete. Alinipigia akaniuliza dada yako alikuwa akipenda kupika nini. Tukazungumza nusu saa habari za bokoboko.

Mwanafunzi wa falsafa (nyumbani Chumbageni)

Baba baharia, shikamoo na pole. Ulilosema lina historia yake Ulaya, naomba nilieleze.

Tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, mji wa Lisbon nchini Ureno ulipigwa na tetemeko asubuhi, watu wakiwa makanisani. Makanisa yakawaangukia, bahari ikapanda, kisha moto ukateketeza yaliyobaki. Voltaire wa Ufaransa aliandika shairi la uchungu dhidi ya wale waliokuwa wakisema yote ni mema, na mwaka 1759 akatoa Candide, hadithi inayoonyesha jinsi fikra ile ya Leibniz inavyomshinda mtu anapokutana na mateso yenyewe.

Mwanafalsafa Rousseau alimjibu Voltaire kwa barua ya Agosti 1756. Ndani yake mna hoja yako, baba: si maumbile yaliyojenga pale nyumba 20,000 za ghorofa sita au saba zikiwa zimebanana, na wangapi walikufa kwa kurudia nguo, karatasi au fedha? Hakuwa akimkana Mungu, alikuwa akimtetea. Lakini utetezi wake ulirudisha mkono wa binadamu mezani, uhesabiwe.

Wanafalsafa hutenga ubaya wa maumbile, kama tetemeko na maradhi, na ubaya wa matendo ya watu. Mimi naona mpaka wenyewe ndipo palipo na vita, kwa sababu kuna wanaofaidika ubaya wao ukiitwa wa maumbile.

Mjukuu wa Muheza

Kwa mleta mada, pole. Naandika hili kwa mara ya kwanza.

Kijijini kwetu, nikiwa darasa la tano, mtoto wa jirani alianguka mwembeni akafa. Tawi lilikuwa limeoza ndani, sisi watoto tulilijua, tulikuwa tukilikwepa. Jioni ile ile watu wakaanza kuuliza: sawa, tawi limeoza, lakini kwa nini livunjike akiwa juu yeye? Wiki iliyotangulia bibi yangu alikuwa amemkemea yule mtoto kwa kuiba maembe. Hiyo ikatosha.

Hakupigwa. Hakuna aliyemfukuza. Waliacha tu kumsalimia. Alikuwa akifika kisimani wanawake wanashika ndoo zao kimya wanaondoka. Harusi hakualikwa. Msibani akienda anaachiwa mkeka mzima. Aliishi hivyo miaka 11, mwanamke aliyekuwa ameshika mikono ya nusu ya kijiji walipozaliwa, maana alikuwa mkunga. Sisi wajukuu tulikuwa tukitumwa dukani tunapewa vitu bila kuguswa mkono.

Mama wa yule mtoto simlaumu. Nilivyokua nimeelewa kwamba "tawi limeoza" halikumpa pa kuweka uchungu wake. Mtu unaweza kumchukia, tawi huwezi. Lakini kila nikisikia "mtoto hafi bure" mwili unanisisimka, kwa sababu nimeona linakotufikisha: msiba mmoja unazaa wa pili, na wa pili hauna matanga.

Alipofariki mwaka 2009 tulimzika watu 14. Nilihesabu.

Mwanafunzi wa falsafa

Kaka wa Muheza, pole. Swali la kijiji chenu mwanaanthropolojia Evans-Pritchard alilikuta kwa Wazande wa eneo ambalo leo ni Sudan Kusini, akaliandika mwaka 1937. Ghala linaangukia watu waliokaa chini yake kujikinga na jua. Mzande anajua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo. Anachouliza ni kwa nini lianguke saa ile, juu ya watu wale. Sayansi inaishia kwenye mchwa. Uchawi unaziba pengo lililobaki, na bei yake analipa bibi wa mtu.

Ustadh wa Chuda

Mama, nimesoma uliposema habari za kisa cha Khidhri nikasita. Mimi ni mmoja wa waliokisema misibani. Si kwako, lakini nimekisema, na kwa miaka mingi.

Kisa kiko Suratul Kahf. Khidhri anatoboa jahazi la maskini, anamuua kijana, anasimamisha ukuta wa watu waliowanyima chakula, kisha anamweleza Musa siri ya kila tendo. Watu hukishika kisa kwa siri zile. Mimi sasa nakisoma kwa Musa. Nabii mzima alishindwa kunyamaza mbele ya kijana aliyeuawa, na sura yenyewe haimfichi. Na Khidhri alisema hakufanya kwa amri yake mwenyewe, alipewa elimu kutoka kwa Mola. Nani kati yetu pale ukumbini alipewa elimu hiyo kuhusu mwanao?

Wanazuoni waliliona. Inasimuliwa kwamba mwanazuoni Al-Ash'ari alimuuliza mwalimu wake Al-Jubbai, mkubwa wa kundi la wanazuoni wa Mu'tazila kule Basra, habari za ndugu watatu: mmoja alikufa mcha Mungu, mmoja mwasi, mmoja akiwa mtoto. Mtoto akidai kwa nini hakuachwa akue apate daraja kama kaka yake, atajibiwa nini? Mwalimu akasema: ataambiwa, Mungu alijua ungekua ungeasi, akakuchukua kwa maslahi yako. Al-Ash'ari akauliza: na yule mwasi akisema, Mola wangu, mbona mimi hukunichukua mdogo? Inasemekana mwalimu alinyamaza. Hoja niliyokuwa nikiwapa wazazi ilishakwama zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipofiwa na mwanawe mdogo Ibrahim alilia mbele ya watu, akasema jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola. Siku hiyo jua lilipatwa. Watu wakasema limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Akawakatalia: jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu yeyote. Baba aliyefiwa aliletewa maana kubwa kutoka mbinguni kwa ajili ya mwanawe, akaikataa.

Kwa niaba ya wenzangu wenye mazoea haya, nakuomba radhi.

Mkatekista, Korogwe

Nimefundisha miaka mingi kwamba ubaya hauna uhai wake wenyewe, ni upungufu wa wema, kama giza lilivyo ukosefu wa nuru. Fundisho la Mtakatifu Agostino, Mwafrika, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo. Nililipenda kwa uzuri wake. Kisha mke wangu akapata saratani ya titi. Ule uvimbe niliupapasa kwa vidole vyangu, na vidole vyangu havikuona upungufu wa kitu.

Nikarudi kwa Ayubu. Tunawasema vibaya rafiki zake, Elifazi, Bildadi na Sofari, tunasahau kwamba waliketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, kwa kuwa waliona uchungu wake ni mkuu mno. Walikosea siku walipoanza kueleza. Na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia hao waliomtetea, anasema hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu. Ayubu ndiye aliyekuwa amelalamika sura baada ya sura.

Bint Pangani

Nimesoma yote nikiwa dukani, nimeshindwa kuhudumia wateja. Mimi niliambiwa "utapata mwingine". Sikupata.

Mwalimu wa fasihi (mstaafu)

Bint Pangani, pole mwanangu.

Nakaa karibu na Machui alikozikwa Shaaban Robert, basi niseme la huku. Alipofiwa na mkewe aliandika shairi la Amina. Anakiri ndani yake kwamba alitaka mkewe anyanyuke, alimwombea dua, akashindwa. Anasema pia Mungu amemchagua. Na kila ubeti anarudi pale pale, kwamba mapenzi waliyofunga hapana wa kuyafungua. Nimelifundisha shairi hili miaka 26, na wanafunzi waliofiwa walikuwa wakilinakili nyuma ya daftari bila kuambiwa.

Tazameni: "Mungu amekuchagua" ni neno lile lile mleta mada aliloumizwa nalo. Kwa Shaaban halichomi. Na Ayubu wa mkatekista ndiye aliyesema Bwana alitoa na Bwana ametwaa.

Mama wa Makorora (mleta mada)

Mwalimu, nimekaa na maneno yako tangu jana. Ni kweli. Mimi mwenyewe, nikiwa peke yangu kaburini kwa mwanangu, huwa nasema "Mungu alikupenda". Nalisema na linanituliza. Lile lile nikiambiwa na mgeni kabla chai haijapoa, nahisi nanyang'anywa mtoto mara ya pili. Nadhani neno hilo ni mali ya mfiwa. Akilitoa yeye, mwitikie. Asipolitoa, usimtangulie.

Ustadh, nimekusamehe, na nimelia.

Baba baharia, bokoboko la dada yako lilikuwa la kuku au la nyama?

Baharia mstaafu

La nyama. Na samli ya Pemba juu.

Mgeni

Samahani, nimejiunga leo. Nipo Ngamiani. Mwanangu tumemzika juzi, ana miezi saba. Nimesoma mada nzima usiku huu. Sina cha kuchangia, nilitaka tu kuandika mahali kwamba alikuwepo.

Mama wa Makorora (mleta mada)

Alikuwepo, mwanangu. Usiandike jina hapa. Niandikie faraghani tu ni barabara ya ngapi, kesho nikitoka kazini nakuja. Nitaleta uji. Hutalazimika kuzungumza.