Mjadala: Bondo la sangara ni mali ya nani?

Wakuu, naomba hili tulijadili bila matusi, maana linagusa familia nyingi kuanzia Mwanza na Musoma hadi Kisumu na Entebbe.

Sangara, yule samaki mkubwa wa Ziwa Victoria, akifika mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, hupimwa mzimamzima, na mvuvi hulipwa kwa kilo, bei ya samaki. Lakini ndani ya tumbo lake kuna bondo, ule mfuko wa hewa unaomsaidia kuelea, na siku hizi pesa iko humo. Bondo kubwa lililokauka limewahi kufika mamia ya maelfu ya shilingi za Tanzania kwa kilo, wakati kilo ya sangara mwenyewe tunaihesabu kwa maelfu. Sasa kwa nini mali mbili zipite kwenye mzani kwa bei ya moja?

Kuna siku nilisimama kwenye meza ya kupasulia nikimtazama mama mmoja kazini. Aliingiza vidole viwili chini ya uti wa mgongo, akalibandua bondo polepole asilichane, kwa sababu likichanika limeshuka daraja. Akaliambua utando wenye damu, akaliosha, akalitandaza kwenye chanja pembeni ya mengine yaliyokwisha kukauka, ya rangi ya asali, magumu kama plastiki. Mvuvi aliyemleta yule samaki alikuwa amekaa hatua kama kumi hivi kutoka pale, anahesabu kilichobaki baada ya kukatwa petroli, barafu na deni la nyavu. Bondo halikuandikwa popote kwenye daftari lake.

Pale mwaloni utaambiwa yanakwenda kutengeneza nyuzi za kushonea wagonjwa. Ukweli ni kwamba mengi yanaliwa. Huko China na Hong Kong bondo ni chakula cha heshima, supu ya sherehe na ya mama aliyejifungua. Waingereza nao kwa miaka mingi wametumia mabondo ya samaki kusafishia bia. Na hili si jambo geni kwetu: vichwa na mapanki (mifupa inayobaki baada ya kukatwa minofu) navyo vilionekana takataka za kiwandani, leo vina wachuuzi wake na walaji wake.

Wenye viwanda wana hoja, na nimewasikiliza. Wanasema minofu peke yake hailipi tena kwa kuwa samaki wamepungua, bondo ndilo linalowasha mashine na kulipa mishahara. Wanakumbusha mwaka 1999, Ulaya ilipofunga soko kwa tuhuma za uvuvi wa sumu, kwamba samaki akipasuliwa hovyo ufukweni tutarudi kule kule kwenye kufungiwa soko. La usafi nalikubali kabisa. Lakini kumlipa mvuvi bondo lake hakuhitaji kumpasua samaki kwenye mchanga. Anayenunua kila siku anajua samaki wa kilo fulani ana bondo la ukubwa gani. Akijua hivyo, anaweza kulilipa.

Hoja inayoninyima usingizi ni nyingine. Bondo likiwa kubwa, bei ya kila kilo inapanda, na sangara wakubwa wengi ni majike, ndio wazazi. Kanuni iliyowahi kuwekwa, ya kuvua sangara wa sentimita 50 hadi 85 tu, ililenga kuwaokoa hao pamoja na wachanga. Tukimpa mvuvi bei ya bondo, si tunamtuma akawamalize? Nimelifikiria sana. Ninachokiona ni kwamba jike anavuliwa hata sasa, kwa sababu wakala, anayenunua samaki kwa niaba ya kiwanda, anamtaka na anayemdai mvuvi ni wakala huyo huyo. Mvuvi asiye na deni anaweza kukataa. Mwenye deni hawezi.

Kwa hiyo napendekeza bei ya bondo ibandikwe mwaloni kila asubuhi, kwa madaraja, kando ya bei ya samaki, na kamati ya mwalo (BMU) isimamie. Mgawo wa wavuvi na mwenye mtumbwi uhesabiwe kwa bei zote mbili. Mama wa meza ya kupasulia naye alipwe kwa kazi yake, asiachiwe mapanki tu kama hisani.

Mlioko Kirumba, Ukerewe, Homa Bay na visiwa vya Ssese, semeni: mwaloni kwenu bondo linapimwa peke yake, au linamezwa na bei ya samaki? Na wewe wakala unayesoma hapa, ukiambiwa kesho ulilipie kando, utashindwa wapi?