Choo cha jahazi kimejaa tena (kikundi cha Nyumba ya Bibi, Shela)

Salim: Asalaam aleikum. Mjomba Athmani shikamoo, umeamka? Choo cha chombo kimejaa tena. Jana nimelala hakina tone, alfajiri hii maji yako ukingoni. Na wageni sita wanapanda saa nne.

Mwanaisha: Mara hii tena! Safari ile yule mama alikaa sitahani siku nzima kwa harufu.

Mjomba Athmani: Marahaba. Maji masafi au machafu?

Salim: Mjomba, hata chai sijanywa.

Mjomba Athmani: Chungulia. Masafi yanapitia koki ya kuingizia maji ya bahari. Machafu yanarudi na bomba la kutolea.

Salim: Yana rangi. Sisemi zaidi.

Mjomba Athmani: Basi ni ule mpira wa mdomo wa bata, unaopitisha uchafu nje na kuuzuia usirudi, pale bomba la inchi moja na nusu linaposhikana na pampu. Funga koki zote mbili ndipo ufungue skrubu. Ukisahau, utakumba maji mpaka jioni.

Bakari: Si upake silikoni tu 😂

Mjomba Athmani: Bakari, rudi ukalale.

Salim: 📷 Huo hapo. Umeganda chokaa kama birika la maji ya kisima. Mdomo haukutani, kidole kinapita.

Mjomba Athmani: Mkojo na maji ya chumvi hufanya hivyo. Utupe. Una mwingine?

Salim: Mmoja, kwenye kopo la vipuri.

Mwanaisha: Nilileta mitatu kutoka Mombasa!

Salim: 🙈

Mjomba Athmani: Mdomo uelekee kule uchafu unakokwenda. Wengi huugeuza. Na kila wiki mwaga siki chooni, piga pampu kidogo, ilale humo usiku. Klorini hapana, inakula mpira.

Salim: Sawa. Ila koki ya kutolea imefunga kwa shida sana. Nimeikwangua kwa kisu, ndani nyekundu.

Mjomba Athmani: Wacha! Usiiguse tena! Hiyo ni brasi, zinki yake imeliwa na bahari, imebaki shaba tupu. Itakukatikia mkononi na maji yajae ngama, huko chini ndani ya chombo. Iache imefungwa hivyo hivyo, na kigingi cha mti laini, cha kuzibia tundu ikikatika, kiwe kimefungwa kamba hapo hapo kando yake.

Salim: Na kuibadilisha?

Mjomba Athmani: Bamvua la mwezi mpevu, maji yanapojaa na kupwa sana. Tutakipweleza chombo mchangani, maji yakipwa tunafanya kazi, yakijaa tumemaliza. Mwanaisha, tafuta koki ya bronzi, inchi moja na nusu. Muuzaji akikwambia brasi na bronzi ni kitu kimoja, toka dukani. Na klipu za chuma kisichoshika kutu, mbili kila mwisho wa hozi.

Mwanaisha: Sawa mjomba. Sasa wageni wa leo niwaambie nini?

Bibi: Waende chooni kabla ya kupanda, na mwisho wa safari uwe Manda, warudi adhuhuri. Babu yenu alipeleka boriti Arabuni, choo chake sanduku limening'inia tezini, nyuma ya chombo. Hakikuvuja hata siku moja.