Tupeane uzoefu: wikiendi ya Pasaka hapa Tabora uliona ngoma gani, kwaya gani, bendi gani?

Mkazi wa Isevya

Wakuu, mwangaluka.

Kila Pasaka ikikaribia naona watu wanaandika kwamba Tabora hakuna pa kwenda, mji umelala, bora upande basi uende zako Mwanza. Mimi nakaa hapa mwaka mzima na sikubali. Vitu vipo, ila havina bango wala tiketi ya mtandaoni. Utavijua kwa gari la matangazo linalopita na spika iliyopasuka, au kwa jirani anayeimba kwaya, au usikie ngoma inalia ng'ambo ya reli ufuate sauti.

Kwa asiyejua: Ijumaa Kuu mji unapoa kabisa. Jumamosi mafundi mitambo wanaanza kufunga vyombo. Jumapili asubuhi makanisani, jioni kumbini. Jumatatu ya Pasaka kila mtu yuko nje, Waislamu kwa Wakristo, maana huku sikukuu haina mwenyewe.

Kinachoniuma ni wasanii wa hapahapa. Juzi kati niliingia tamasha moja, kiingilio elfu tano. Vijana wetu wakapandishwa jukwaani saa nane mchana, jua linawaka, mbele yao watoto na wauza karanga. Nyota wa kutoka Dar akapanda saa saba usiku, akaimba nyimbo nne kwa pleibeki, akashuka. Kesho yake wale vijana nawakuta stendi wanadai nauli.

Tiririkeni. Uliona nini, ulilipa ngapi, na msanii wa nyumbani alitendewaje?

Boda wa Cheyo

Nauli tu mkuu? Mimi nilikuwemo, nacheza nyuma ya kijana mmoja wa singeli. Tuliahidiwa elfu ishirini kila mtu na chakula. Chakula tulikiona: wali maharage, sahani moja watu wawili. Mwandaaji simu ikawa haipatikani. Tukapeana pole, mimi nikawasha pikipiki nikaenda kutafuta abiria waliokuwa wanatoka kwenye tamasha hilohilo.

Ila stejini raha, sikatai.

Mama wa Kwaya

Wanangu, mnaongea kana kwamba muziki wa Pasaka unaanza usiku. Mimi ni Mmoravian wa kuzaliwa. Wamisionari wetu waliingia Urambo mwaka 1898, na pamoja na Biblia walituachia matarumbeta. Pasaka yetu inaanzia makaburini, alfajiri, giza halijaachia.

Wapigaji ndio wanatangulia. Nyasi za mwezi wa nne zimejaa umande, kanga inaloa hadi magotini. Kuna mzee mmoja wa tromboni nampenda kumtazama: kabla hajapiga anachomoa kile kipande cha kupulizia, anakifumbata kiganjani, anakipulizia pumzi taratibu. Nilimuuliza, akaniambia shaba ikiwa baridi sauti inashuka, utapiga wimbo mmoja na wenzio huku wewe uko chini yao. Ndipo anakirudisha mahali pake, anatikisa kichwa kwa wenzake, na wimbo wa kwanza wa ufufuko unapanda juu ya makaburi kabla hata jogoo hawajamaliza. Hakuna spika, hakuna kiingilio. Nimeona watu wa misikitini waliotoka kuswali Alfajiri wamesimama barabarani wanasikiliza.

Jumatatu ndiyo tamasha la kwaya. Hapo kila kwaya inakuja na sare mpya, na ushindani upo, tusidanganyane. Sisi tulikuwa tunauza nyimbo zetu kwenye flashi, elfu tatu. Tuliuza vizuri kuliko tulivyowahi kuuza kaseti.

Mpiga Solo Mstaafu

Shikamoo mama wa kwaya.

Mimi naongelea dansi, maana vijana hawajui mji wao ulikuwa nini. Hapa palikuwa na Kiko Kids ya Salum Zahoro, palikuwa na Tabora Jazz aliyoimbia Shem Karenga, palikuwa na Nyanyembe Jazz. Bendi zote hizo mji mmoja, na Radio Tanzania ikizirekodi nchi nzima inasikiliza. Mtu wa Dar alikuwa anasubiri nyimbo kutoka Tabora.

Sisi wadogo tulijifunzia magita ya kuchonga, nyuzi tunachambua kwenye waya wa breki ya baiskeli. Vidole vilitoka damu. Ukija kushika gita la kweli unaona umepewa pamba.

Pasaka hii nilienda ukumbi mmoja karibu na mjini kati. Bendi ya vijana, wanapiga laivu, gita la solo, rithimu, besi, kinanda na ngoma. Elfu tatu mlangoni, soda ndani. Nusu ya kwanza walikopi nyimbo za Kikongo, wamekopi vizuri. Baadaye mzee mmoja akaomba rumba za zamani za hapa nyumbani. Mpiga solo akasita, akamtazama mwenzake wa rithimu, wakaanza kuitafuta ile njia polepole. Walipoipata, wazee waliokaa ukutani walinyanyuka wote. Wale wasichana waliokuja na simu zao wakabaki wanatushangaa tunavyokanyaga.

Umeme ukakatika saa tano. Jenereta likawashwa, likazima. Mpiga ngoma akaendelea peke yake, watu wakaimba kwa midomo, ikawa hivyo kama robo saa. Hakuna aliyedai hela yake.

Kuhusu malipo: bendi ile inagawana mlango na mwenye ukumbi. Mvua ikinyesha jioni, wamekula hasara wao. Na mwezi wa nne Tabora mvua hainaga miadi.

Mwalimu wa Uyui

Naomba nirekebishe kidogo mtoa mada. Ukitaka ngoma za asili, Pasaka siyo wakati wake. Huku kwetu mvua ni za msimu mmoja, zinaanza kama mwezi wa kumi na moja hadi wa nne, kwa hiyo Pasaka inawakuta watu shambani, karanga hazijang'olewa, tumbaku iko kwenye mabani, yale mabanda ya kuikaushia. Ngoma kubwa zinakuja mavuno yakishaingia ndani, mwezi wa sita, wa saba, wa nane, watu wana chakula na wana nafasi. Hata kule Bujora, Mwanza, Bulabo, lile tamasha la ngoma la Wasukuma, inaendana na sikukuu ya Ekaristi, mvua zikiwa zimeshaisha.

Lakini sikukuu ni sikukuu. Mwaka huu kikundi cha kijiji jirani kiliitwa kucheza Jumatatu, na nikapeleka wanafunzi wangu wakaone. Usiku wake mvua ilikuwa imepiga. Tumefika, ngoma zote zimelegea, ukigonga inalia "bwe" kama begi la nguo. Manju, yaani kiongozi na mtunzi wa ngoma, hakuwa na wasiwasi. Akaagiza nyasi kavu kutoka chini ya ghala, akawasha moto mdogo, ngoma zikapangwa zimeelekezewa ngozi, siyo karibu sana. Kijana mmoja kazi yake ilikuwa kuzizungusha. Kila baada ya muda manju anapitisha kiganja juu ya ngozi, anagonga na kidole kimoja pembeni, kimoja katikati, anasikiliza, anarudisha. Ile kubwa ilichukua muda hadi wanafunzi wakaanza kunung'unika. Nikawaambia tazameni vizuri, hapa ndipo somo lilipo, kucheza mmeshakuona kwenye simu.

Zilipokaza, manyanga yakaingia. Vile vibuyu vyenye mbegu ndani ukivisikia vinne vinatikiswa pamoja huku njuga za miguuni zinajibu, huhitaji mtu akueleze Wanyamwezi ni nani. Manju alikuwa anatunga palepale: akamwimba mtendaji wa kijiji, akaimba bei ya mbolea, akaniimba na mimi mwalimu niliyekuja na watoto bila hata zawadi. Watu wakacheka, ikabidi nitoe.

Malipo yao ndiyo hayo: kutunzwa. Noti inawekwa kwenye sahani au inabandikwa kwenye paji la uso lenye jasho. Aliyewaita alitoa debe la mahindi na kuku. Manju aliniambia haoni aibu, babu yake alichezea pombe tu.

Mgeni wa Dar

Mimi nilikuja na treni ya zamani, ile ya kati, nikashuka usiku nimechoka. Mwenyeji wangu wa Gongoni akanipa matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na chai, akaniambia lala, kesho utasikia. Kweli nilisikia: kwaya upande mmoja, singeli upande mwingine, na taarabu ya harusi katikati. Nilichopenda ni bei. Wikiendi nzima nilitumia hela ambayo Dar inaisha mlangoni.

Nilichokosa ni ratiba. Mtu wa nje afanyeje? Afisa utamaduni si ndiye anayejua vibali vyote vilivyotoka? Angeandika tu karatasi moja akaibandika stendi na stesheni.

Shangazi wa Gongoni

Hiyo taarabu aliyoisikia mgeni ni sisi, ahsante baba.

Nimesoma yote, na hapo kwa boda na wenzake nina neno. Sisi ni wanawake tupu, tumeungana kwa kuchangishana, vyombo vyetu wenyewe. Zamani tulikuwa tunaitwa, tunaimba, tunaambiwa "mtatunzwa". Kutunzwa ni heshima, siyo mshahara. Siku watu hawana hela, wewe umeimba usiku kucha na gari la kurudisha vyombo hujalipa. Sasa mwekahazina wetu ana daftari. Nusu inalipwa kabla kinanda hakijatoka ndani, nusu tukishafunga spika kabla ya kuimba. Ya kutunzwa tunagawana sawa, hata aliyeshika tari tu. Mwaka jana mtu alikuja na maneno matamu, harusi ya mkubwa fulani, tutawatangaza. Tukamwambia karibu sana, tangulia na hela.

Hakupendezwa. Alirudi jioni nazo.

Enyi vijana wa singeli, mtu mmoja kati yenu ashike daftari. Na asiwe yule anayeimba, maana mwimbaji akisifiwa kidogo anasamehe deni.

Boda wa Cheyo

Shangazi shikamoo. Hilo la daftari nalipeleka leo leo. Nakuja pia kuomba mnieleze mnaandikaje zile karatasi za makubaliano, kama hutojali.

Shangazi wa Gongoni

Marahaba. Njoo baada ya Alasiri, uje na huyo mwimbaji wenu. Na kalamu.

Mkazi wa Isevya

Mmenipa zaidi ya nilivyotarajia. Mpiga solo, ule ukumbi wenye bendi ya laivu wanapiga kila Jumamosi au ni sikukuu tu? Mwalimu, ukisikia tarehe za ngoma za mwezi wa saba ziweke hapahapa, tutachanga mafuta ya gari. Mama wa kwaya, Pasaka ijayo makaburini mnakutana saa ngapi, kumi au kumi na moja?