Gredi ya 4 wanasoma Kifaransa kama Kiswahili, nifanyeje?

Mwalimu_Umoja
Walimu wenzangu, habari za jioni. Nafundisha Kifaransa Gredi ya 4 katika shule moja huku Umoja. Watoto 47, vipindi viwili kwa wiki, dakika 35 kila kimoja. Mwezi wa kwanza tuliamkuana na kuimba tu, matamshi yakawa mazuri hadi nikajivunia. Kisha nikaandika ubaoni "merci beaucoup". Darasa zima likasoma kwa sauti moja: be-a-u-ko-u-p! Tangu siku hiyo hata salamu walizozijua zimeharibika. "Petit" lazima t isikike, "trois" lazima s isikike. Siwalaumu, Kiswahili kimewazoesha kutamka kila kilichoandikwa.

Nikiacha kuandika, nao wazazi wanaona daftari tupu. Ijumaa mmoja alikuja kuniuliza mtoto wake anafunzwa nini hasa. Ninyi mlianza kuandika lini?

MamaFuraha
Pole na kazi, Mwalimu. Mimi nilisomea Bukavu, sasa nafundisha Kayole. Usiache kuandika, chelewesha tu. Kwangu neno haliendi ubaoni mpaka watoto wamelisikia na kulisema vipindi vitatu hivi. Likifika, wao ndio wanaonionyesha herufi zilizonyamaza. Nasema "petit", wanasikiliza, mmoja anakuja kuizungushia t duara. Halafu nasema "petite", na t inaamka. Utaona macho yao!

Hapo hapo nawakumbusha ngeli. Wanasema kitabu kidogo, meza ndogo, bila kuuliza kwa nini kivumishi kimebadilika. Basi un petit livre (nomino ya kiume), une petite table (ya kike) ni kazi ileile. Lakini nomino usiifundishe bila un au une yake hata siku moja. Mtoto akishaizoea ikiwa peke yake, kumrudisha ni taabu.

Na ile u ya "tu" inayowashinda: waseme i, kisha wakaze midomo kama wanaopuliza filimbi, ulimi usisogee. Rudia kila siku, dakika moja inatosha.

BabaImani
Mimi ni mzazi, si mwalimu. Binti yangu alipoanza, mwalimu wake alimbandikia daftarini karatasi ya picha sita: kikombe, mlango, paka na kadhalika. Hakuna neno hata moja. Jioni mimi naonyesha kwa kidole, yeye anataja, naweka sahihi. Nilijua anachofunzwa kwa sababu nilikisikia kwa masikio yangu. Jaribu hilo kwa huyo mzazi wa Ijumaa.

Nambari alizishika kwenye matatu. Za Buruburu, 58, cinquante-huit. Za Kawangware, 46, quarante-six. Za Ngong, 111, cent onze. Tulikwama kwenye 70 tu, kwa kuwa Wafaransa wanasema sitini na kumi, na 80 ni ishirini mara nne.

MamaFuraha
BabaImani, umenikumbusha jambo. Kwetu Kongo 70 ni septante na 90 ni nonante, kama Ubelgiji. 80 peke yake tunasema quatre-vingts kama Ufaransa. Walimu, mtoto mwenye wazazi wa Kongo akisema septante, hajakosea. Mfundisheni soixante-dix kwa ajili ya vitabu, lakini msimfutie ya nyumbani kwao.

Mwalimu_Umoja
Asanteni sana. Picha nitazichora usiku huu, nitoe nakala kesho asubuhi kabla ya gwaride.

MamaFuraha, hilo la septante limenichoma. Nina mvulana ambaye wazazi wake walitoka Goma. Muhula huu aliitamka, wenzake wakacheka, nami nikamsahihisha mbele yao. Hajainua mkono tena. Kesho tukifika kwenye nambari nitamwita mbele awafundishe septante na nonante, na nitawaambia watoto kwamba mimi ndiye niliyekosea siku ile.

MamaFuraha
Mwambie pia mama yake.