Vikapu vya kale vya Wayokuts: alichouza bibi, mjukuu ana haki ya kukidai?

Mleta mada
Wakuu, naomba tulijadili hili bila matusi. Wayokuts ni wenyeji wa Bonde la San Joaquin, California, pamoja na vilima vya Sierra Nevada vilivyo mashariki yake. Vikapu vyao vya zamani, hasa vya tangu 1890 hadi 1930 hivi, vinapigwa mnada Marekani kwa maelfu ya dola.

Kwa asiyevijua: kifungu cha nyasi ndefu kinazungushwa kuanzia kitakoni, na kila mzunguko unashonewa kwenye ule ulioutangulia. Uzi wenyewe ni mzizi wa ndago uliochanwa mwembamba, na tundu linatobolewa kwa msharasi wa mfupa. Weusi unatoka kwenye mzizi wa kangaga, wekundu kwenye vijiti vya mti wa redbud. Nakshi inayojulikana zaidi ni mgongo wa nyoka mwenye njuga mkiani, almasi zimefuatana kuzunguka kikapu. Wanunuzi wanagombea kile chenye mabega bapa na shingo fupi, begani kimezungushiwa vishungi vya kwale na sufu nyekundu.

Msimamo wangu: kikapu alichouza msusi kwa hiari yake si mali ya wizi, kisidaiwe hivyo. Ila aliyenacho leo asiwe na haki ya kukifungia kabatini, ukoo wa msusi usikione kamwe.

Dalali Mstaafu
Mkuu, umejijibu mwenyewe. Bibi kauza, kalipwa, kala. Sheria yao ya 1990 ya kuwarudishia wenyeji vitu vyao, NAGPRA, inazibana makumbusho na taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu. Mtu binafsi na kabati lake haimgusi. Na hata hizo makumbusho zinadaiwa mabaki ya watu, vitu vya maziko, vya ibada, na mali ya jumuiya nzima. Kikapu cha kumuuzia mtalii hakimo.
Halafu kuna jambo hamlisemi. Wayokuts walikuwa wakichoma mali ya marehemu, vikapu vikiwemo. Bila mnunuzi, leo tungejadili majivu.

Binti Saidi
Hapo ndipo unaponasa, kaka. Kama cha marehemu kilichomwa, basi vingi tunavyoviona vilitoka mikononi mwao kabla ya msiba. Vilitokaje? Mwaka 1851 na 1852 wenyeji wa California walitia saini mikataba 18 ya ardhi, Seneti ya Marekani ikakataa kuiidhinisha. Sheria ya jimbo ya 1850 ilishawaruhusu walowezi kuwatumikisha wenyeji, hata watoto. Ziwa Tulare la bondeni humo, Wayokuts walikokuwa wakivua na kukata matete, likakaushwa kwa ajili ya mashamba. Mtu aliyefikishwa hapo akauza kikapu apate unga, wewe unaita hiari?
Na angalia lebo za wakusanyaji: vingi vimeandikwa "Tulare" tu. Jina la mnunuzi lipo. La mama aliyekaa miezi akishona halipo.

Mgiriama wa Kilifi
Mimi natoka kwenye vigango, nguzo za mbao za kuwakumbuka wazee waliokufa, kwa hiyo nina uchungu na mada hii. Kigango hakiuzwi: ni mzee wetu amesimamishwa pale. Viling'olewa kwa wizi vikaishia Marekani, na mwaka 2014 makumbusho ya Denver ikakubali kurudisha 30. Mngetegemea niseme vikapu navyo virudi vyote. Sisemi hivyo. Kikapu kilichosukwa ili kiuzwe ni kazi ya mikono ya mtu, na aliyekisuka alitaka kitoke. Mkivichanganya na vya ibada mnawapa madalali sababu ya kucheka hata madai ya kweli. Chano kikubwa ambacho wanawake walichezea kamari, kwa nusu za maganda ya jozi zilizojazwa lami na kupachikwa vipande vya kombe, kile ndicho ningeuliza kilitokaje nyumbani.

Mkazi wa Fresno
Nipo huku bondeni. Mnabishana juu ya vikapu vilivyokwisha kusukwa, wakati wasusi wanahangaikia majani. Zile nyasi ndefu zinahitaji kuchomwa moto ili zichipue zilizonyooka, na sheria ile ile ya 1850 iliweka adhabu kwa kuchoma mbuga. Kingo za mito zenye ndago sasa zina uzio, au zimepigwa dawa ya magugu. Msusi anashika ncha ya mzizi kwa meno huku akiuchana. Fikirieni hiyo dawa inaishia wapi. Chama cha wasusi wenyeji wa California kimekuwa kikilipigania hili tangu miaka ya 1990.
Kingine, makumbusho zamani zilipaka vitu arseniki na zebaki visiliwe na wadudu. Kwa hiyo kumrudishia mtu kikapu akitumie kwenye sherehe si suala la kumkabidhi tu, lazima kipimwe kwanza.

Dalali Mstaafu
Basi wavinunue. Makabila ya Wayokuts yana pesa: Tachi wana kasino, Tule River wana kasino, Chukchansi wana kasino.

Binti Saidi
Yaani anunue cha bibi yake kwa bei yako?

Mleta mada
Dada na ndugu wa Kilifi mmenisogeza. Naongeza sharti: kabla ya mnada, muuzaji aieleze jamii husika kikapu kilipatikanaje, na iwe ya kwanza kupewa nafasi ya kununua. Makumbusho zimeweza: tangu Januari 2024 zinatakiwa kupata idhini kabla ya kuonyesha vitu vinavyoguswa na NAGPRA, na baadhi zikafunika makabati yao. Kwa nini nyumba za mnada zishindwe?

Mkazi wa Fresno
Jamii husika ipi, mkuu? Wawukchumni ni Wayokuts na wamesuka vikapu vya hali ya juu, lakini serikali kuu haiwatambui kama kabila. Hawana kasino, na chini ya NAGPRA hawawezi kudai wenyewe. Hilo sharti lako limwandikie nani barua?