Shakwe wamekufa mdomo wa Sabaki, na kuku wangu wameanza kusinzia

Mama Vifaranga, Mambrui
Asalaam alaykum. Nafuga kuku wa kienyeji na bata wachache. Juzi vijana wa jarife walirudi kutoka mdomo wa mto Sabaki wakasema wameona shakwe wamekufa mchangani, na mmoja mzima anazunguka palepale kama mlevi. Jana jioni kuku wangu wakagoma kula. Tetea mmoja kajikunyata chini ya mkorosho, macho kafumba, kinyesi kijani. Bata hawana neno, wanachezea dimbwi la bombani kama kawaida. Jirani keshatangaza mtaa mzima kuwa ni homa ya ndege, imeletwa na ndege wa Ulaya, kwa hiyo niuze wote kabla bei haijaanguka. Nauliza: hao wanaofuatilia huu ugonjwa hujuaje umefika wapi? Na mimi nianzie wapi? Tafadhali msiniambie "muone daktari" mkaishia hapo.

Nahodha wa Ngomeni
Shakwe kufa si ajabu, dada. Wengine humeza ndoana zetu. Huku kwenye mashamba ya chumvi heroe wapo tele na sijaona hata mmoja aliyelala.

Mstaafu wa Mifugo, Malindi
Bi mkubwa, kwanza usiuze hata mmoja. Kuku wa jirani anayeuzwa harakaharaka ndiye anayeupeleka ugonjwa Gongoni, Marafa na kwingineko, ndani ya tenga juu ya bodaboda.

Pili, kinyesi kijani na kusinzia hata kideri, ugonjwa mwingine wa kuku, huleta. Kwa macho hakuna awezaye kutofautisha, hata mimi niliyezeekea kazini. Je, uliwatia chanjo ya tone la jicho miezi hii mitatu? Kama hukuwatia, mimi ningeshuku kideri kwanza. Lakini uzima wa bata usikutulize: bata anaweza kubeba kirusi cha homa ya ndege bila kuonyesha dalili, huku akikimwaga kwenye dimbwi hilohilo wanakokunywa kuku. Watenge leo.

Wanajuaje umefika wapi? Januari 2017 kule Uganda, ghuba ya Lutembe karibu na Entebbe, buabua, ndege wa jamii ya shakwe, walianza kufa kwa wingi ufukweni. Watu wakatoa habari, sampuli zikachukuliwa, ikaonekana ni H5N8, aina mojawapo ya kirusi cha homa ya ndege. Ikapatikana pia kwa bata na kuku wa Masaka. Kenya ikafunga mpaka kwa kuku na mayai ya Uganda. Mnakumbuka kelele za wauza mayai? Yote yalianza na watu waliosema walichokiona.

Kazi yenyewe ni kijiti chenye pamba: kinapitishwa kooni na tundu la nyuma, kinatiwa kwenye kichupa chenye maji ya dawa, kinapakiwa kwenye barafu, kinakwenda maabara ya Mariakani au Kabete. Huko kwanza huangaliwa kama kirusi kipo na ni cha aina gani. Kikipatikana, jeni zake husomwa na kulinganishwa na za nchi nyingine, ndipo nasaba yake inajulikana. H5N1 ya leo, aina nyingine ya kirusi hicho, asili yake inarudi kwa bata bukini wa Guangdong, China, mwaka 1996.

Nahodha wa Ngomeni
Kwa hiyo ndege wa Ulaya hawana hatia?

Mstaafu wa Mifugo, Malindi
Sikusema hivyo, nahodha. Shakwe wengine wa Sabaki huzaliwa kaskazini kabisa mwa Urusi, huja na kaskazi na kuondoka mwezi wa nne. Wanaweza kuleta. Ila shakwe haingii bandani Mambrui. Tenga la sokoni huingia, na miezi yote kumi na miwili.

Mama Vifaranga, Mambrui
Ahsante mzee. Chanjo mara ya mwisho ilikuwa kabla ya Ramadhani. Tetea amekufa alfajiri. Afisa mifugo wa wadi anakuja kesho, kasema nimtie kwenye mifuko miwili ya plastiki nimlaze kwenye barafu, nisimpasue. Barafu nimepata kwa wauza samaki. Na mayai tunayo trei nzima, tule?

Mstaafu wa Mifugo, Malindi
Ya kuku hao yaacheni mpaka majibu yarudi. Ya kwingine yapikeni mpaka kiini kigande. Moto wa nyuzi 70 unakiua kirusi.

Nahodha wa Ngomeni
Nimewauliza wale vijana. Wanasema shakwe mmoja alikuwa na pete ya chuma mguuni, wameichomoa, mmoja kaivaa kidoleni!

Mstaafu wa Mifugo, Malindi
Subhanallah. Aivue, anawe kwa sabuni, na pete ioshwe pia. Akipata homa au kifua siku kumi hizi, aende hospitali na aseme wazi kuwa alishika ndege mfu. Kisha piga picha ya pete, namba zote zionekane pamoja na jina la nchi, uiweke hapa. Kule hori ya Mida wapo wanaowavisha ndege pete ili kufuatilia safari zao, watajua pa kuipeleka namba hiyo. Na wale shakwe waliobaki mchangani, msiwazike kabla afisa hajafika.